Jinsi ya Kuandika Falsafa ya Michezo ya Shule Bila Kuuchafua Mpira

Mwalimu mwenzangu, hongera. Bodi imekaa, chai imenywewa, na kumbukumbu za kikao zinasema kwamba kabla ya shule kufungwa lazima tuwe na "Falsafa na Maadili ya Idara ya Michezo". Itachorwa ukutani kando ya lango, chini ya ile picha ya Mlima Kenya ambayo mchoraji aliijaza theluji hadi mlima ukafanana na sufuria ya ugali. Kazi umepewa wewe kwa sababu siku ya kikao ulikuwa umevaa raba.

Usiogope. Falsafa ya michezo ni kazi nyepesi kuliko michezo yenyewe: haihitaji mpira, haichafui jezi, na mvua ikinyesha haiahirishwi. Fuata hatua zilizo hapa chini na hakuna mtu, kuanzia Othaya hadi Chuka, atakayekugundua kuwa mgeni wa shughuli hii. Wala usihofu kuonekana mwenye mzaha. Nyeri mjini kuna bustani iitwayo Whispers, jina la safu ya gazetini ya Wahome Mutahi, mwenyeji wa huku aliyewacheka wakubwa na ambaye mwaka 1986 alifungwa gerezani. Mji uliompa mcheshi bustani hautashindwa kumvumilia mwalimu wa michezo.

Mahitaji

Ukuta mmoja. Makopo mawili ya rangi. Mpira mmoja, usio na upepo. Filimbi. Kikombe kimoja kilichopatikana zamani, mwaka wake ukiwa umefutika. Ufunguo wa ghala, pamoja na mtu wa kuushika ambaye leo hayupo. Wanafunzi si lazima.

Hatua ya 1: Tafuta babu

Falsafa bila babu ni kama shamba bila hati. Sisi wa Nyeri hatuna haja ya kwenda mbali, kwani Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, amezikwa papa hapa, kwenye makaburi ya kanisa la St Peter's. Alihamia Nyeri mwaka 1938, akakaa katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, akafariki tarehe 8 Januari 1941. Alihubiri kwamba tabia ya kijana hujengeka nje ya darasa: akitembea, akipiga kambi, akicheza na kusaidiana na wenzake. Mtaje kwa ujasiri. Andika kwamba shule yetu imerithi mafundisho hayo, kisha uhakikishe hakuna mwanafunzi anayetoka nje ya darasa kabla ya saa kumi na moja jioni.

Ukipata nafasi, litembelee kaburi lenyewe. Kwenye jiwe limechongwa duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya maskauti yenye maana ya "nimekwenda nyumbani". Napendekeza ichorwe pia kwenye mlango wa ghala letu. Mipira mitatu tuliyonunua mwaka jana nayo imekwenda nyumbani. Kilichobaki ni kujua kwa nani.

Hatua ya 2: Lipe somo la P.E. heshima yake

Somo la mazoezi ya viungo lazima lionekane kwenye ratiba. Liandike kwa herufi kubwa na kalamu ya rangi, maana maafisa wa elimu wakija husoma ratiba kabla ya kunywa chai. Ukishaliandika, mkabidhi mwalimu wa hisabati.

Katika shule niliyosomea mimi, ambayo sitaitaja kwa kuwa hadi leo inanidai karo ya kidato cha tatu, P.E. ilikuwa Jumatano baada ya chakula cha mchana. Kwa miaka minne sikukosa kipindi hata kimoja. Humo nilijifunza logarithimu, milinganyo na sifa zote za pembetatu. Siku moja tu, mwalimu alipokwenda matangani, tulitolewa nje tukaambiwa tukimbie. Tulisimama tukitazamana. Mwenzetu mmoja akainua mkono akauliza kama tunatakiwa kuonyesha njia.

Darasa la mtihani lisicheze kabisa. Sayansi ya huku kwetu imethibitisha kwamba mtahiniwa akigusa mpira Februari, alama zake humwagika Novemba. Aliyekuwa nahodha kidato cha tatu apewe kazi mpya mwaka unaofuata: kuwatazama wenzake kupitia dirishani huku ameshika kitabu.

Hatua ya 3: Ingiza uwanja kwenye maadili

Nchi ya Nyeri iliumbwa kwa mikunjo: kilima, bonde, mto, kilima tena. Ndiyo maana viwanja vyetu vingi vimeinama. Usione haya, bali utumie mteremko kufundishia. Timu inayoanza ikishambulia kuelekea mtoni hujifunza kasi. Kipindi cha pili ikigeuzwa kuupanda mlima, hujifunza unyenyekevu. Mpira ukitoka upande wa chini, beki anayeufuata hadi kwenye mto na kurudi nao amekwisha kukimbia mbio za nyika, na shule imeokoa nauli.

Mistari ichorwe kwa jivu la jikoni. Huo ndio mchango wa jiko kwa riadha, na kama utakavyoona katika Hatua ya 6, hakuna mwingine. Ng'ombe wa mwalimu mkuu aachwe ajilishe: anafyeka nyasi bila kudai mshahara, na kile anachokiacha kwenye eneo la hatari kimezuia mabao mengi kuliko kipa.

Tahadhari moja. Ukibahatika kupata kiwanja tambarare, usimwambie mtu. Kila jengo jipya lenye jina la mfadhili hutafuta mahali palipolala sawa, na katika shule zetu mahali hapo ni kati ya goli na goli. Nimeshuhudia mbio za mita 100 zikikimbiwa mita 80 kwa sababu ya maktaba mpya. Siku hiyo kila mtu aliweka rekodi.

Hatua ya 4: Andika malengo makubwa

Andika kwamba idara inalenga mashindano ya shule za Afrika Mashariki. Usijali, kabla ya kufika huko kuna zoni, kaunti ndogo, kaunti, kanda na taifa, kwa hiyo una mahali pengi pa kushindwa kwa heshima.

Waeleze wanafunzi pia jiografia ya mambo haya, kwa sababu haimo kwenye ramani. Mlima ni mmoja, lakini michezo ya shule bado inafuata mipaka ya mikoa ya zamani. Nyeri, Kirinyaga na Murang'a ziko Kanda ya Kati. Nanyuki na Nyahururu, kwa kuwa ziko Laikipia, zimo Bonde la Ufa. Meru, Chuka na Embu ni Mashariki. Mtoto wa Naro Moru anaweza kutumwa Nanyuki kununua sukari akarudi kabla chai haijapoa, lakini ili akimbie rasmi dhidi ya mtoto wa Nanyuki sharti wote wawili wafuzu hadi mashindano ya kitaifa. Mpinzani wake wa kanda, kwa mujibu wa makaratasi, anaweza kutoka hata Kiambu. Fundisho: mpende jirani yako, maana hutakutana naye.

Hatua ya 5: Tukuza kushiriki kuliko kushinda

Wahenga walitukatia shauri: asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo ichorwe kwa rangi nyekundu, ionekane hata na abiria wa matatu. Ikishakauka, piga simu shule ya jirani uulizie yule mshambuliaji wao anadaiwa karo kiasi gani.

Hapo ndipo utakapomkaribisha mamluki. Utamtambua kwa urahisi. Halijui jina la bweni lake. Hunyoa ndevu kila asubuhi. Wimbo wa shule ukianza yeye hufungua na kufunga mdomo kama samaki, na siku ya kupiga picha ya timu hushikwa na tumbo. Ukiulizwa, jibu rasmi ni kwamba ni mwanafunzi aliyehamia kwetu "kwa kuvutiwa na masomo". Neno "uadilifu" liweke la tano kwenye orodha ya maadili. Likiwa la kwanza, watu watauliza maswali.

Kuna kijana mmoja atakayekusumbua kidogo. Ni yule aliyekuwa akicheza nafasi hiyo tangu kidato cha kwanza, aliyekuwa akifika mazoezini wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Mpe kazi ya kubeba maji ya timu, na uiite kazi hiyo "uongozi wa kuhudumu". Ataelewa. Watoto huelewa mapema kuliko tunavyodhani, na alichokielewa siku hiyo atakikumbuka hata baada ya kusahau matokeo ya mechi.

Hatua ya 6: Lisha mwanariadha kwa busara

Mwanariadha ale kama wenzake: githeri, na ikiwa ni Alhamisi, githeri. Akirudi kutoka mazoezini saa kumi na mbili na nusu atakuta sufuria imeoshwa. Hapo atajifunza ustahimilivu, ambao ni mojawapo ya maadili yetu. Julai, ukungu wa Nyandarua unaposhuka hadi kwenye madirisha ya bweni na maji ya kuoga yanauma kama nyuki, atajifunza ustahimilivu zaidi.

Siku ya mashindano mnunulie paketi ya glukosi. Kijiko kimoja hufidia chakula cha jioni cha muhula mzima, na unga mweupe kwenye midomo ya wachezaji hupendeza pichani.

Hatua ya 7: Mshughulikie mzazi

Mzazi wa huku amelipa karo kwa kahawa ambayo malipo yake yalichelewa, au kwa maziwa ya ng'ombe wawili, na hataki mzaha. Akisikia mwanawe yuko kwenye timu, atafika shuleni bila kualikwa, amevaa koti.

"Mwalimu, huyu mtoto nilimleta kusoma. Kama ni kukimbia, ng'ombe wako nyumbani."

Usibishane naye. Mwambie, "Ni kweli, mzee," umpe kiti. Subiri. Kijana akipata medali kwenye uwanja wa Ruring'u, mzazi yuleyule atarudi na koti lilelile, safari hii akiwa na soda, na atakueleza mbele ya naibu wa mwalimu mkuu kwamba mbio ziko kwenye damu ya ukoo wao, kwamba babu yake mtoto alikuwa akikimbia kutoka Karatina hadi Mukurwe-ini akiwa na gunia mgongoni. Andika haya yote. Yataingia kwenye sehemu ya "ushirikiano na jamii".

Kikombe chenyewe kikija, kipelekwe moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu, kabatini, nyuma ya kioo. Waliokipata waruhusiwe kukiona watakapoitwa humo kwa utovu wa nidhamu.

Hatua ya 8: Wadai mabingwa

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa na gharama ndogo. Mtu wa huku akishinda duniani, ukuta una nafasi.

Anza na Catherine Ndereba, aliyezaliwa Gatung'ang'a, Nyeri, mwaka 1972. Mbio alianza kuzishika kwa dhati akiwa shule ya sekondari ya Ngorano, shule ambayo wengi wanaokariri majina ya shule zetu kubwa hawajui iko upande gani wa mto. Mwaka 1994 akachukuliwa na Idara ya Magereza. Simama hapo kidogo, mwalimu: binti wa Nyeri aliupata uhuru wa kukimbia gerezani. Kutoka huko alishinda Boston mara 4, akawa bingwa wa dunia wa marathoni Paris mwaka 2003 na Osaka mwaka 2007, akapata medali za fedha za Olimpiki Athens na Beijing. Oktoba 2001, mjini Chicago, alikimbia kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, rekodi mpya ya dunia. Ile aliyoivunja, ya Mjapani Naoko Takahashi, ilikuwa na umri wa juma moja.

Mwaka huohuo wa 2001, pale Edmonton, Charles Kamathi wa Nyeri alimpita Haile Gebrselassie katika mita 10,000, taji ambalo Mhabeshi huyo alikuwa amelitwaa mara 4 mfululizo. Kamathi alikuwa polisi. Na hapo Kiganjo, chuo cha polisi kilicho mlangoni mwetu, Kipchoge Keino aliwahi kuwa mwalimu wa mazoezi katika miaka aliyokuwa akiitikisa dunia. Ukijumlisha haya yote utaona mfumo wetu wa michezo ulivyokamilika: shule humfundisha kijana kuacha kukimbia, kisha polisi na magereza humfundisha upya.

Wa mwisho kwenye orodha yako awe Samuel Wanjiru wa Nyahururu, ila kwa huyu nakuomba uweke brashi chini kwanza.

Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 15, Wanjiru alipanda ndege kwenda Japani, kusoma katika shule ya sekondari ya Sendai Ikuei. Wajapani wana mbio za kupokezana za masafa marefu ziitwazo ekiden, na shule zao huzithamini kama sisi tunavyouthamini mtihani wa kidato cha nne. Kwa hiyo kijana wetu alikuta huko kitanda, chakula, darasa, kocha, na saa za mazoezi zilizoandikwa kwenye ratiba na kufuatwa. Agosti 2008, mjini Beijing, akiwa na miaka 21, akawa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alitunzwa ugenini ndipo akashangiliwa kwao.

Alifariki Nyahururu Mei 2011, hajatimiza miaka 25. Hapa kejeli yangu inaishiwa maneno. Kijana hufundishwa kukimbia, lakini pia anahitaji kufundishwa kuishi baada ya utepe kukatwa: pesa zinapokuja kwa wingi, marafiki wanapoongezeka kwa siku moja, na usiku unapokuwa mrefu. Somo hilo sijaliona kwenye ukuta wa shule yoyote niliyopita karibu nayo, kuanzia Nyahururu hadi Meru.

Hatua ya 9: Badilisha jina

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu chini ya mtaala mpya, na mojawapo ya mikondo mitatu wanayochagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Maana yake ni kwamba serikali sasa inautambua mchezo kuwa masomo. Usishtuke. Futa neno "Idara ya Michezo" mlangoni, andika "Idara ya Sayansi ya Michezo". Ghala liitwe maabara. Filimbi iitwe kifaa cha kufundishia. Mwalimu wa hisabati abaki palepale, kwa kuwa sayansi haikosi hesabu. Ng'ombe naye aendelee na utafiti wake.

Kabla ya kumwita mchoraji

Ukizifuata hatua hizi zote, utakuwa na ukuta mzuri. Wageni watapiga picha mbele yake siku ya kutoa zawadi, na bodi itakupongeza kwa kikombe cha chai. Lakini kwa kuwa wewe ni mwenzangu, nitakwambia neno lisiloandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Shule yako ina falsafa ya michezo tayari, tangu ilipofunguliwa. Imeandikwa kwenye ratiba, kwenye sahani ya anayechelewa kutoka uwanjani, kwenye benchi alipoketi yule kijana wa kubeba maji, na kwenye mfuko wa yule mwenye ufunguo. Watoto huisoma huko kila siku, na hawahitaji rangi ili waielewe.

Kwa hiyo makopo yaache kwanza. Jumatano, baada ya chakula cha mchana, pita nyuma ya madarasa polepole kama mtu anayetafuta mtandao wa simu. Ukikuta watoto wako nje wanapiga kelele, wembamba kwa wanene, wenye kasi kwa wasio nayo, na mpira wenye upepo uko katikati yao, rudi ofisini uiambie bodi kwamba falsafa iko, na rangi itumike kupaka vyoo. Ukikuta logarithimu, kazi yako haianzii ukutani. Mtafute mwenye ufunguo, mwalimu, ufungue ghala.